Ua Tuliowafungulia Mashabiki

Saltley, Birmingham
14 Oktoba 2002

Kwa mpwa wangu Azizi,

Salamu zangu zikufikie huko Marekani. Mimi ni mzima wa mwili. Utaona kwamba barua hii inaanza na msiba, jambo nililokukataza tangu ulipokuwa darasa la tano skulini kwangu: mdogo hampelekei mkubwa malalamiko kwa barua. Mkubwa, hata hivyo, ana ruhusa ya kumweleza mdogo, hasa anapohitaji msaada wake, na mimi nauhitaji wako.

Juzi Jumamosi kina mama walimwosha marehemu Bi Rehana, mama yake Suhail yule fundi bomba, katika ukumbi wetu. Ukumbi huo hujauona. Ni jengo la matofali mekundu lililokuwa kiwanda cha vitanda vya chuma, lenye ua mpana mbele yake, nasi tumelipanga kwa Bwana Harbhajan tangu mwaka 1992. Ndani yake tunasomesha watoto Kurani na Kiswahili kila Jumamosi, tunaozesha, tunaosha maiti wetu na kuwasomea hitima. Watu wa Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa tulioko mji huu hatuna mahali pengine pa kukutania pasipo saa ya kuondoka.

Tulimsalia adhuhuri. Saa saba gari la maiti lilipotaka kutoka, lango lilikuwa limezibwa. Uwanja wa mpira uko mtaa wa pili, na siku hiyo palikuwa na mechi. Mashabiki waliegesha magari langoni safu mbili, wakaenda zao. Suhail alikwenda uwanjani kuomba namba za magari hayo zitangazwe kwenye kipaza sauti. Alijibiwa kwamba matangazo ni ya dharura, na aliyekwisha kufa hana dharura.

Tulitoka mechi ilipokwisha. Makaburini wachimbaji walikuwa wameondoka, na Jumapili hawaziki. Bi Rehana amezikwa leo asubuhi. Ile Jumamosi Suhail alikaa ndani ya gari, ubavuni mwa mama yake, saa nne nzima, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Miaka mitatu iliyopita uliniandikia kwamba umepata kazi katika maegesho ya uwanja wa chuo kikuu, na kwamba siku ya mechi watu wanaokuja ni wengi kuliko wakazi wa mji wenyewe. Nieleze wanafanyaje. Nataka kujua mpangilio wa magari, njia, wasimamizi na desturi zao. Andika kwa utaratibu, usirukeruke kama ulivyozoea.

Mjomba wako,
Ahmada Khatibu


Marekani
3 Novemba 2002

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Huku sote hatujambo, afya ipo na kazi ipo. Pole sana kwa Bi Rehana, na umpe Suhail mkono wangu wa tanzia. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Umetaka utaratibu, basi nitajaribu, ingawa wewe mwenyewe uliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba fikra zangu ni kuku waliofunguliwa banda.

Mpira wao wenyewe sijauelewa mpaka leo. Wanaubeba mikononi, wanausukuma hatua mbili, wanaanguka wote chini, kisha wanasimama kushauriana kama wazee wa kesi ya shamba. Lakini watu hawaji kwa mpira peke yake. Mechi ni saa nane mchana, na saa kumi na mbili alfajiri magari yapo kwenye foleni. Kila mmoja akishaegesha anafungua buti la gari, anatoa meza ya kukunja, viti na jiko la mkaa, na nyama inaanza kuchomwa. Mtu asiyekujua anakushika mkono: wewe mwenye koti la njano, njoo ule. Nilipowaambia kwamba nguruwe sili, mzee mmoja, hakimu mstaafu, akaanza kunichomea kuku pembeni, kwenye jiko lake dogo la peke yake. Hajakosa hata mechi moja.

Sasa utaratibu. Kila nafasi ina namba, imepigwa mstari mweupe. Familia moja hupewa nafasi ile ile mwaka hadi mwaka, basi majirani wa maegesho wanakuwa kama jamaa, wanaalikana arusi. Katikati panaachwa njia ya gari la wagonjwa, upana wa mita nne, na haiwekwi hata kiti. Mimi na wenzangu tunasimama kila pembe na bendera, lakini kwa kweli kazi yetu ni ndogo, kwa sababu mtu aliyekaribishwa anajisimamia mwenyewe. Anayeegesha kwa wizi ndiye anayeziba lango la watu.

Kwa hiyo, Mjomba, shauri langu ni hili. Usipigane nao. Wafungulie ua wako, uwapange, uwape chai. Barabara itakuwa tupu na njia ya maiti itakuwa yako.

Nimehama. Nyumba ya zamani ilikuwa mbali na kazi. Uniandikie kwa sanduku hili jipya nililoliandika nyuma ya bahasha.

Mpwa wako,
Azizi


Saltley, Birmingham
24 Februari 2003

Kwa mpwa wangu Azizi,

Barua yako ilikuwa na utaratibu kuliko nilivyotarajia. Nimeifuata, na nakuandikia matokeo.

Kamati haikukubali mara moja. Bi Shemsa, mwenyekiti wa kina mama, alisema kwamba hakuja Uingereza kuwapikia walevi. Nilimwambia kwamba Suhail ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono, na kama mtoto wa marehemu ameweza, sisi wengine tunaweza. Baada ya hapo hakupinga tena, ila aliponiona nimepiga magoti uani nikichora mistari ya kwanza kwa chaki alisimama juu yangu na mikono kiunoni. "Mwalimu," akasema, "ulistaafu chaki, leo umeipata tena."

Mistari sasa ni ya rangi nyeupe. Nafasi ni sitini na tatu, na njia ya katikati ina mita nne na nusu. Suhail anashika bendera langoni. Madrasa tumeihamishia Jumapili ili Jumamosi ua uwe mtupu. Watoto walinung'unika kwa Kiingereza. Niliwajibu kwa Kiswahili.

Malipo nimeyakataa. Wako waliosema tuwatoze mashabiki, kwani mtaa mzima unatoza. Nilisema palipooshewa maiti hapatozwi kiingilio, na mgeni aliyekaribishwa halipi. Jambo hilo liliwatia shaka wageni wenyewe. Mechi ya kwanza walikuja tisa tu, wakashuka garini wakitazama nyuma, wakidhani watakuta magurudumu yameng'olewa.

Aliyewatoa wasiwasi ni mtu mmoja anaitwa Kamlesh. Anakaa Sutton Coldfield, huko kwenye nyumba zenye bustani mbele na nyuma, naye ni katibu wa chama cha mashabiki. Alimsikia Bi Shemsa akimgombeza Suhail kwa Kiswahili, akaja mbio na mikono wazi. Alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Kiswahili chake kinaumiza sikio langu, na nimeamua kutokisahihisha. Alikula mishkaki sita, akanywa chai ya tangawizi, kisha akaniambia, "Mwalimu, miaka thelathini mimi nakuja hapa kwa mpira. Leo mara ya kwanza mtu nauliza jina yangu."

Mechi ya pili walikuja arubaini. Sasa ua hujaa saa sita. Wanafungua mabuti kama ulivyoeleza, wanakuja na vyakula vyao, na wameanza kumletea Bi Shemsa keki. Bia wanaiacha garini bila ya kuambiwa mara mbili.

Sasa sikiliza hili, ndilo nililotaka ulijue. Tarehe 25 Januari alifariki mzee wa Kipemba aliyekuwa akikaa Ladywood, kwenye zile nyumba za ghorofa. Ilikuwa Jumamosi na ilikuwa siku ya mechi. Jeneza lilitoka ukumbini saa saba kasorobo. Suhail aliinua bendera, mashabiki wakasimama kando ya magari yao, na mmoja baada ya mwingine wakavua kofia. Gari likapita katikati ya nyuso zile mpaka barabarani, na barabara ilikuwa tupu. Tulizika kwa wakati.

Niliingia ndani nikajifungia kidogo kwenye chumba cha vitabu. Nakuandikia hayo kwa sababu shukrani ni zako.

Mjomba wako,
Ahmada Khatibu


Marekani
19 Machi 2003

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile habari ya kofia nimemsomea hakimu wangu wa kuku, nikimtafsiria. Alisema angependa kukupa mkono. Nimemwambia awe na tahadhari, atasahihishwa.

Nina swali moja tu. Ardhi ile ni ya nani, na mna karatasi? Nauliza kwa sababu maegesho mazuri yana tabia ya kuonekana na watu. Usichukulie vibaya. Nilianza kukuandikia ukurasa wa pili juu ya hilo, nikauchana, haukuwa na adabu.

Msalimie Bi Shemsa, ingawa hanijui.

Mpwa wako,
Azizi


Saltley, Birmingham
8 Septemba 2003

Kwa mpwa wangu Azizi,

Sikukujibu mapema kwa sababu swali lako lilinikera. Nitalijibu, kisha tuliache.

Ardhi ni ya Bwana Harbhajan. Karatasi yetu ya kwanza ilikwisha mwaka 1997. Tangu hapo kila Januari anakuja ukumbini, anavua viatu mlangoni, anakunywa chai, ananipa mkono, na mwaka mwingine umeanza. Mtu aliyetimiza neno lake miaka kumi na mmoja ukimdai karatasi umemtukana. Nilidhani hilo nimekufundisha.

Habari nyingine ni njema. Klabu imetusikia. Kamlesh alipiga picha ya Bi Shemsa na jiko lake, ikatoka katika gazeti lao la siku ya mechi, na mwezi uliopita wakamtuma binti mmoja wa Kiingereza, mwenye adabu, aje kuona. Alikuja na kigurudumu cha kupimia ardhi chenye mpini mrefu. Alisema klabu inataka kuiboresha siku ya mechi kwa mashabiki na majirani, na kwamba hajaona ua uliopangwa vizuri kama huu mjini humu. Aliniuliza kama ningeweza kuwaandikia mpangilio wote, na ramani.

Nimewaandikia kurasa tatu. Kamlesh alipiga chapa, mimi nikasahihisha, akapiga chapa tena. Ramani nimeichora mwenyewe kwa rula na kalamu ya risasi, na kila nafasi ina namba yake. Nimeeleza jinsi majirani walivyoridhika, na kwamba ua hautumiki na jamii yetu siku za mechi.

Binti yule aliniuliza pia, tukiwa tumesimama uani, eneo la jengo lenyewe ni sawa na magari mangapi. Lilikuwa swali la hesabu tu. Tulilizunguka jengo na kigurudumu chake, nikamfanyia hesabu palepale: magari themanini na moja. Nikaitia na hiyo katika ripoti, maana mwalimu haachi hesabu bila jibu.

Nimebakiza nakala. Natumaini utaona fahari, si shaka.

Mjomba wako,
Ahmada Khatibu


Saltley, Birmingham
2 Februari 2004

Kwa mpwa wangu Azizi,

Tangu Septemba hukuniandikia, nami sikulalamika. Sasa nahitaji jibu lako haraka.

Klabu inaununua ua. Watalivunja jengo. Pahali pote patakuwa maegesho ya mashabiki, magari mia moja arubaini na nne, pamoja na kibanda cha chakula.

Bwana Harbhajan alikuja mwenyewe kunieleza mapema Januari, siku ile ile aliyozoea kuja kunipa mkono. Alivua viatu. Ana umri wa miaka sabini na minane, figo zake zimechoka, na anahamia kwa binti yake. Alikaa kwenye kiti cha watoto, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akaniambia klabu imemfuata naye amekubali, na kwamba alidhani nitafurahi. Nilimwuliza nifurahi kwa nini. Akatoa mfukoni kurasa zangu tatu. Binti yule alikuwa amempa nakala. "Mwalimu," akaniambia, "wewe uliandika jengo hili ni magari themanini na moja. Nikasema, basi amelichoka, na kwa adabu yake hawezi kuniambia."

Azizi, alisema hivyo bila hila. Nilimtazama machoni. Alikuwa amenifanyia hisani.

Nilimweleza. Alishika kichwa. Lakini alikuwa amekwisha kutia saini, na Rajni, mke wa mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye mwanasheria wake, alisema neno haligeuzwi tena. Rajni ni mkwe katika familia ile na ana haraka ya watu wenye haraka. Aliniuliza nina karatasi gani. Sina.

Tukaenda kwenye kikao cha halmashauri Jumatano iliyopita, watu sitini na zaidi. Kamlesh alikuja, akasema dhidi ya klabu yake mwenyewe mpaka sauti ikamkatika. Wakaionesha ramani ukutani kwa taa. Ilikuwa ramani yangu. Mwandiko wangu, namba zangu, mpaka ule mshale mdogo wa kaskazini niliouchora kwa uangalifu. Walikuwa wameongeza nafasi themanini na moja mahali pa jengo, kwa rangi nyingine. Kisha mwanamke aliyesimamia kikao akasoma: majirani wameridhika, ua hautumiki na jamii siku za mechi. Akaniuliza kama saini ile ni yangu.

Bi Shemsa alinivuta kanzu. "Sema hukukusudia," akaniambia. "Sema Kiingereza chako kibovu. Sema chochote, Mwalimu."

Nilisema niliandika mimi, na kila kilichomo ni kweli.

Hawakuchukua hata robo saa kuikubalia klabu.

Ninachokuuliza ni hiki. Huko kwenu viwanja ni vikubwa kuliko vyetu, na maegesho yake hayakuanguka kutoka mbinguni. Lazima palikuwa na nyumba za watu. Waliokuwa wakikaa hapo walifanya nini? Je, wako waliofanikiwa? Nani aliwasaidia, na walitumia hoja gani? Tuna siku ishirini na nane za kukata rufaa. Niandikie yote unayoyajua.

Mjomba wako,
Ahmada Khatibu


Marekani
21 Februari 2004

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitasema hatujambo.

Waliokuwa wakikaa hapo ni sisi. Maegesho ninayofanyia kazi, namba nne, yale niliyokueleza yenye mistari na njia ya katikati, yalikuwa mtaa wa nyumba kumi na tisa za mbao. Nyumba ya saba ilikuwa yangu. Nyumba ya tisa Wasomali, Waeritrea na sisi wachache wa pwani tulikuwa tumeifanya mahali pa kuswalia. Tuliswali humo miaka minane, na Ramadhani tulifuturu barazani. Chuo kikuu kilivinunua viwanja vyote kwa wenyewe mwezi wa Machi 2002. Sisi tulikuwa wapangaji. Tulipewa siku tisini na, kwa wema wao, wale waliokuwa na kazi uwanjani tulihakikishiwa kwamba tutabaki na kazi.

Nilikuambia nyumba ilikuwa mbali na kazi. Kila Jumamosi nasimama na bendera kwenye nafasi namba 212, na nikisogea hatua tatu ndipo nilipokuwa nikilala.

Ulipoandika juu ya Bi Rehana, nilikuwa na miezi minne tangu kuvunjiwa. Ungekuwa unakaa nami ungeniona. Lakini ilikuwa barua, na barua nilikuwa najua namna moja tu ya kuiandika, ile uliyonifundisha: mdogo hampelekei mkubwa malalamiko. Basi nikaandika yale mazuri, na mazuri yapo, sikukudanganya. Hakimu yupo kweli. Kuku yupo. Nilipofika kwenye ukurasa wa pili mwezi ule wa Machi niliandika kila kitu, tarehe na majina, nikaona unavyoufungua ukiwa na furaha ya ile siku ya kofia, nikauchana. Nikabakiza swali. Nilijiambia Mjomba ana akili, swali litamtosha.

Umeuliza kama wako waliofanikiwa. Tulikwenda kwenye vikao vitatu. Tulikuwa na wakili wa bure, msichana mzuri aliyelia kuliko sisi. Mwanamke mmoja wa nyumba ya kumi na sita alikataa kutoka, wakakata maji. Hakuna aliyefanikiwa, Mjomba. Hoja hatukukosa. Tulikuwa nazo nyingi.

Najua siku zenu zinahesabika, ningetaka barua hii iwe na kitu ndani yake cha kukusaidia. Nimeitazama bahasha siku nne nzima, sikukiona.

Nisamehe kama unaweza.

Azizi


Saltley, Birmingham
30 Agosti 2004

Azizi,

Nilikasirika miezi mingi. Nilikuwa nikikuandikia kichwani, barua kali, zenye hoja zilizopangwa, na kila nilipofika mwisho nilikuta kwamba anayestahili kuandikiwa ni mimi. Kwa hiyo nimeacha, na hutapata barua hiyo.

Rufaa ilikataliwa mwezi wa Aprili. Jengo lilivunjwa tarehe 14 na 15 Juni. Nilidhani litachukua wiki. Kina mama walikwenda kutazama, mimi sikwenda. Suhail aliniletea tofali moja, nikamwomba alirudishe. Bwana Harbhajan alifariki mwezi wa Julai huko kwa binti yake, na sikupata habari mpaka amekwisha kuchomwa moto kwa desturi yao.

Maiti wetu sasa tunawaosha kwenye chumba cha kukodi kwa mtu wa mazishi. Ni kisafi, kina saa ukutani, na tukizidisha dakika anagonga mlango. Arusi ya binti wa Bi Shemsa ilifanywa katika chumba cha hoteli, na saa nne usiku watumishi wakaanza kukusanya viti huku watu wamekaa. Bi Shemsa hajapika tena kwa watu wengi. Anasema hana mahali pa kuweka masufuria, ameyagawa.

Madrasa niliileta sebuleni kwangu. Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Wiki ya kwanza walikuja kumi na saba, wakakaa mpaka kwenye ngazi. Kabla ya likizo walikuwa watano. Jana nilifungua mlango saa nne kasorobo, nikaweka misahafu juu ya meza, nikasubiri mpaka saa sita. Mama mmoja alipiga simu kueleza, kwa Kiingereza, kwamba mtoto wake ana mazoezi ya kuogelea. Wengine hawakupiga. Siwalaumu. Nyumba ya mzee mmoja si mahali pa watu, na mtoto hawezi kupenda lugha inayosemwa na mtu mmoja katika chumba kimoja.

Kamlesh alikuja kunieleza kwamba amejiuzulu ukatibu na hataki tena kwenda kwenye mechi. Nilimwambia aende. Miaka thelathini ni mingi kuitupa kwa ajili yetu, na haiturudishii kitu.

Jumamosi hii ilikuwa mechi. Nilitoka kununua mkate Alum Rock Road, na miguu ikanipeleka huko. Pamewekwa lami mpya. Kazi ni nzuri, siwezi kusema vingine. Kulikuwa na kibanda cha soseji na foleni ya watu. Niliingia nikaanza kutafuta mlango ulikuwa wapi. Nilijua hatua kutoka langoni, nilizipima mwenyewe, lakini lango wamelihamisha, na bila lango sikuwa na pa kuanzia. Nikajaribu kuanzia kwenye dirisha la nyumba ya jirani, nikakosa. Nikajaribu tena. Mlinzi mmoja akaja kuniuliza, kwa upole, kama nimesahau gari langu liko wapi. Nilimwambia ndiyo. Akaniuliza ni la rangi gani, na tukalitafuta pamoja safu mbili nzima kabla sijaweza kumwambia kwamba sina gari.

Sikuandikii kukulaumu, wala sitaki maneno ya faraja. Usiniambie kwamba mambo yatatengenea au kwamba Mungu ana heri zake. Hayo nayajua kuyasema kuliko wewe. Nina swali moja, nawe peke yako ndiye uwezaye kulijibu, maana unasimama pale kila Jumamosi. Ilikuchukua muda gani mpaka ukaacha kuutafuta mlango? Andika idadi tu, miezi au miaka, nijue nisubiri nini.

Ahmada


Marekani
12 Septemba 2004

Mjomba,

Jana umeanza msimu wa tatu tangu tuvunjiwe. Watu walikuwa wengi, na hakimu alikuja na kuku wangu.

Mlango niliutafuta na jana.

Azizi